Farasi 200 wa Nini Kikatiti?

Kati ya Tengeru na Boma Ng'ombe, gari lenye nguvu za farasi 300 na Noah iliyojaza abiria hufika karibu pamoja. Anayeitumia barabara hiyo hahitaji kuelezwa sababu. Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti: kila senta ina kibao cha 50, kibao kinafuatwa na matuta au rasta, na mbele kidogo, chini ya mti wenye kivuli kizuri, yupo trafiki na tochi yake ya kupimia mwendo. Aliyekupita kwa mbwembwe Usa River unamkuta Kikatiti ameshusha kioo, anajieleza.

Ndiyo maana nikimsikia mtu wa Arusha au Moshi mwenye pesa ya wastani, tuseme milioni 15 hadi 20, anataka gari la michezo na swali lake la kwanza ni farasi wangapi, naona ameanzia mkiani. Farasi hao atawalipia kwenye kodi, kwenye mafuta na kwenye spea, halafu atawatumia kwa sekunde chache kati ya tuta na tuta. Gari la kumfurahisha mtu huku kwetu ni lile ambalo ni tamu kwenye kasi ya 50 na 60, gia ya pili na ya tatu, kwenye kona. Utamu wa namna hiyo hauletwi na injini kubwa. Unaletwa na wepesi wa gari, gia unazozipanga mwenyewe, usukani unaokupa habari za tairi, na breki zisizochoka njiani.

Wepesi ndio ninaouweka mbele. Suzuki Swift Sport ya ZC31S, iliyotengenezwa kuanzia 2005 hadi 2010, ina kilo 1,050 hivi. Toyota Mark X ya kwanza, GRX120, inafika 1,500. Tofauti hiyo ni kama kubeba watu wazima sita kila unapotoka nyumbani, na unaisikia mahali pote: unapokata kona, unapofunga breki ukishuka Machame, na unapokwenda kununua tairi na pedi. Gari jepesi halihitaji injini ya kutisha ili liitike haraka. Zito linaihitaji, na likishaipata linadai breki kubwa, tairi pana, na tenki lisilokauka.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Toyota 86, iliyoandikwa kiwandani kuwa na farasi 200, ikifika Sakina inabaki na 170 na ushee. Moshi, ambako ni chini zaidi, pengo ni dogo lakini lipo. Tabo yenyewe husukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, kwa hiyo mwinuko hauiumizi sana. Hapo watu wa Subaru wana hoja ya kweli, na nitawarudia, maana hoja moja ya kweli haitoshi kununulia gari.

Raha yenyewe iko wapi? Siyo kwenye njia nne za Sakina hadi Tengeru. Iko Himo kupanda Marangu Mtoni, kisha Rombo mpaka Tarakea, ambako lami inazunguka kwenye migomba kona baada ya kona. Iko Machame. Iko Mto wa Mbu, pale barabara inapoukwea ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Karatu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji zaidi ya 60, na zote zina watoto wa shule pembeni, bodaboda wanaoteremka injini zimezimwa, na akina mama wenye mikungu ya ndizi wanaotokea palepale migomba inapoziba kona. Anayetafuta kasi huko hana tofauti na anayetafuta kesi. Anayetafuta mpangilio, yaani kufunga breki mapema, kuingiza gia ya pili bila kugugumia, kuingia kona kwa usukani mmoja usiotapatapa, atapata asubuhi nzima ya furaha kwenye gari lenye farasi 110.

Nianze na lile ambalo kila mpenzi wa magari hapa ameshaambiwa ni johari iliyojificha: RunX yenye injini ya 2ZZ-GE. Kwa nje ni RunX kama za watu wengine wote. Ndani, toleo la Z lina injini ya lita 1.8 ambayo Toyota iliitengeneza pamoja na Yamaha, farasi 190, na gia sita za mkono kwa aliyebahatika. Injini hiyohiyo ilitumika kwenye Lotus Elise, gari la michezo la Waingereza. Ukiisimulia kijiweni unapata heshima papo hapo.

Tatizo lake ni tabia. Injini hii ina kemu za aina mbili, na zile kali hazishiki mpaka mshale ufike kama mizunguko 6,000 kwa dakika. Chini ya hapo ni RunX ya kwenda sokoni. Piga hesabu: kwenye gia ya pili, mshale ukigusa 6,000 umeshavuka kilometa 70 kwa saa. Kwa maneno mengine, gari linaamka baada ya tochi kukusoma. Ni mashine ya ajabu kwa nchi yenye viwanja vya mashindano kila mkoa. Ongeza kwamba spea za ndani za injini hiyo siyo zile za 1ZZ, injini ya Toyota za kawaida, zilizojaa madukani, na kwamba nyingi zilizofika hapa ni otomatiki ya gia nne, ambayo inaua kile kidogo kilichobaki. Ukiipata ya gia sita, safi, kwa bei ya RunX ya kawaida kwa sababu muuzaji hajui anachouza, ichukue. Vinginevyo waachie wapiga stori.

Altezza ni kesi ngumu zaidi, na nakiri naipenda kuliko inavyostahili. Ilitoka 1998, ikapewa tuzo ya gari la mwaka nchini Japani msimu wa 1998 na 1999, na mpangilio wake ni ule ambao watengenezaji wengi wameshauacha: injini mbele, tairi za nyuma zinasukuma, milango minne, mwili mdogo. Familia inaingia. Mizigo ya sikukuu ya kupeleka Rombo mwezi Desemba inaingia. Wengi hukimbilia RS200 yenye injini ya 3S-GE, farasi 210 kwa ya gia za mkono, kwa sababu ya namba. Kwa matumizi ya hapa ningechukua ile wanayoidharau, AS200 yenye 1G-FE, silinda sita mstari mmoja, farasi 160. Injini hiyo ndiyo iliyomo kwenye Mark II GX110 na Verossa ya lita mbili, hivyo mafundi wameshaifungua mara nyingi na spea zake si za kuagiza. Inavuta taratibu tangu chini bila kelele, na sauti yake ni laini kuliko ya silinda nne yoyote. Ina belti ya taiming, siyo cheni. Usipopewa ushahidi kwamba imebadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Kinachonirudisha nyuma ni historia za gari zenyewe. Altezza imekuwa gari la vijana kwa miaka mingi. Nyingi zimeshushwa springi, zimefungwa ekzosi za kelele, zimezungushwa viwanjani mpaka difu ikalia, kisha zikapigwa rangi na kurudishwa sokoni. Altezza iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani, hata ikiwa na mikwaruzo, ina thamani kuliko inayong'aa na rimu za inchi 18. Kwa bahati mbaya sokoni bei zinasema kinyume, na hiyo ni nafasi yako.

Mark X sitaizungumzia sana. Ni gari zuri la safari ndefu, Arusha kwenda Dodoma kupitia Babati inapendeza, na farasi 215 wa injini yake ya 2.5 wanatosha popote. Lakini hiyo ya 2.5 haina gia za mkono, ni nzito, na hiyo 4GR-FSE hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti kwenye vali kuziosha na masizi hujikusanya. Ikizeeka baadhi huanza kula oili. Nunua kama unataka kuonekana. Kuonekana nako ni haja ya watu, sicheki.

Sasa watu wa Subaru. Impreza na Forester zenye tabo zinafaidika na mwinuko wetu, zinashika barabara kwa tairi zote nne, na masika ya Machi hadi Mei, njia za ndani za Moshono zikigeuka uji, zinapita pale Altezza inapozunguka palepale. Hayo yote kweli. Lakini EJ20 yenye tabo ni injini inayotaka oili safi kwa wakati, belti ya taiming kila kilometa 100,000, na mwenye gari asiyezima injini papo hapo baada ya kuikimbiza. Zile za lita 2.5 zina sifa yao ya gesketi za silinda hedi. Wamiliki wawili kabla yako wakiwa wavivu, unanunua deni. Na kwa kuwa silinda zake zimelala ubavuni, hata kubadilisha plagi ni kazi ya kuinama na kulaani. Kama una fundi anayezijua kweli, siyo anayejifunzia kwako, nunua. Kama huna, pita.

Toyota MR-S ni ya mwenye gari jingine nyumbani. Viti viwili, injini nyuma ya mgongo, turubai juu, hakuna buti ya maana, na vumbi la kiangazi litaingia mpaka kwenye sanduku la chakula. Ila ina kilo 1,000 hivi tu, na injini ni 1ZZ, ileile ya Allion na Wish za 1.8, kwa hiyo spea za injini zipo. Za miaka ya mwanzo zina ringi zinazokula oili, na zina vichujio vya ekzosi karibu na injini ambavyo vikimomonyoka, vipande hufyonzwa ndani na kuua silinda. Fundi avikague kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Toyota 86 ya 2012 na kuendelea ni gari bora kuliko zote nilizotaja, ila iko chini sana, sentimita 13 tu kutoka ardhini, na kwa bajeti hii utakayoipata itakuwa na sababu ya kuwa rahisi.

Zinabaki mbili ambazo hazina sifa kijiweni: Swift Sport na Vitz RS. Swift Sport ya ZC31S ina injini ya 1.6, farasi 125, gia tano za mkono. Iliyofuata, ZC32S, iliongezewa mpaka 136 na gia ya sita. Zote mbili ni ngumu kidogo juu ya rasta, springi zake hazibembelezi, lakini ukiingia kona ya Marangu unaelewa kwa nini. Vitz RS ni ya kawaida zaidi: 1NZ-FE ya 1.5, farasi 110 hivi, injini iliyomo kwenye IST, Allion ndogo, Fielder na nusu ya magari yanayopaki Mianzini. Hakuna gereji kati ya Kisongo na Himo itakayoishangaa. Bushi, boljointi, rejeta, sensa, vyote unavipata mtaa wa Unga Limited, Arusha, siku hiyohiyo. Hilo ni sehemu ya raha. Gari lililopandishwa juu ya mawe wiki sita likisubiri kifaa kutoka Japani halimfurahishi mtu, hata liwe na sauti gani.

Wanaodhani gari dogo lililotumika ni la kujifariji wasome habari za Safari Rally ya 1965, enzi ambazo mashindano yale yalikuwa ya Afrika Mashariki nzima, yakipita Kenya, Uganda na kwetu. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, gari la umbo la miaka ya 1940, lililokuwa limeshakimbizwa Safari ya mwaka uliotangulia. Magari mapya zaidi yaliachwa nyuma.

Kwenye ununuzi wenyewe, kitu cha kwanza kuondoa kichwani ni namba ya usajili. Madalali wetu huuza herufi: "Namba E hii, mkuu, haijachoka." Herufi hiyo inaonyesha liliandikishwa lini Tanzania, haionyeshi lilitengenezwa lini. Gari la 2003 laweza kuwa namba E, na namba C iliyotunzwa na mwalimu mmoja wa Moshi tangu itue bandarini ikawa bora mara mbili. Kwa lililoingia karibuni, omba karatasi ya mnada wa Japani. Alama ya 4 au 4.5 ni nzuri. R au RA maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Anayesema karatasi imepotea huku gari lina mwezi mmoja nchini, mwache na gari lake.

Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na ushike boneti kuhakikisha hawajaliwasha kabla yako. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha ni oili inayoungua. Ingiza gia ya pili haraka kabla halijapata joto. Likikwaruza, ndani ya giaboksi kuna kazi. Kisha kwenye gia ya nne, mwendo mdogo, kanyaga mafuta mpaka chini: mshale ukipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Usikubali kulijaribu kwenye lami nzuri tu. Lipeleke kwenye njia ya mawe, zima redio, sikiliza miguu. Halafu inama usome tairi: pembeni kuna tarakimu nne za mwisho za wiki na mwaka, 2219 ikiwa ni wiki ya 22 ya 2019. Tairi zenye meno mengi lakini za umri wa miaka minane ni mpira mkavu, na kwenye mvua ya Kibosho hazishiki kitu.

Anayetaka kuagiza mwenyewe afahamu kwamba kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10, na karibu magari yote niliyotaja yamo humo, kodi ndiyo gari la pili. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, kisha asilimia 30 ya uchakavu, kisha VAT ya 18 juu ya vyote. Ukijumlisha, unalipa karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, na thamani hiyo ni ile ya kikokotoo cha TRA, hata kama risiti yako ina bei ndogo zaidi. Ndiyo maana gari zuri lililoko tayari mjini, ambalo kodi yake ilishalipwa na mtu mwingine, huwa na faida. Na la gia za mkono huwa na faida ya ziada: wanunuzi wengi mjini wamejifunzia otomatiki, kwa hiyo linakaa sokoni muda mrefu na muuzaji analegea. Ujue tu kwamba siku ya kuliuza na wewe utangoja.

Kabla ya kutoa pesa, linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile za kwenye kadi, kwa sababu injini hubadilishwa mno kwenye magari ya aina hii, na angalia kwenye mfumo wa polisi kama linadaiwa faini. Gari la mpenda mwendo la barabara ya Arusha na Moshi linaweza kuja na faini za 30,000 zilizorundikana.

Mimi ningekuwa na milioni 18 leo, ningetafuta Swift Sport au Vitz RS ya gia za mkono, nikikosa ningesubiri Altezza ya 1G-FE isiyochezewa, na nisingevuka milioni 14 kwenye gari lenyewe. Milioni nne zilizobaki zingekwenda kwenye tairi nne mpya za ukubwa wa kiwandani, shokapu, bushi zote za mbele, pedi na disiki, na kumwaga kila oili iliyomo kuanzia injini mpaka giaboksi. Pesa ikibaki, ingejaza tenki na ningeshika njia ya Himo.